Iga Mpaka Ujue Mwanga Umetoka Wapi

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa upigaji picha, wazazi wao na wapiga picha wa mjini, siku ya kufungua maonyesho ya kazi za wanafunzi.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi, wapiga picha wenzangu wa studio na wa barabarani, na ninyi vijana ambao leo kazi zenu ziko ukutani, habari za mchana.

Mlipoingia mmeona kuta mbili. Ukuta wa kushoto una picha za watu zilizopangwa mbilimbili: picha ndogo ya gwiji wa zamani, na pembeni yake ile ambayo mwanafunzi ameipiga upya hapahapa Moshi, kwa sura nyingine na nguo nyingine. Ukuta wa kulia hauna magwiji. Una fundi viatu, una mama wa ndizi, una kondakta wa Hiace, una bibi anayechambua maharage kwenye ungo. Na baadhi ya wazazi wameniuliza pale mlangoni, kwa heshima lakini kwa wasiwasi: mwalimu, huu ukuta wa kushoto si kunakili tu? Tunalipa ada watoto waje wanakili?

Ndiyo, wananakili, na mimi ndiye ninayewatuma. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Fundi cherehani anayetaka kujua koti zuri limeshonwaje huenda soko la Memorial, akanunua la mtumba, akalifumua mshono kwa mshono. Anaona bitana ilivyoshikizwa, anaona bega limejazwa nini. Hakuna anayemwita mwizi. Akishajua, anakata kitambaa chake kwa vipimo vya mteja wake. Picha ya mtu nayo ina mishono, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni machoni.

Nawaomba mkitoka hapa mtazame jicho la mtu kwenye picha yoyote nzuri. Ndani ya mboni mna kidoa cheupe. Kile ni taa yenyewe imejiacha pale. Kikiwa na umbo la mraba, mtu alikaa mbele ya dirisha au mlango. Kikiwa cha duara, kulikuwa na mwavuli wa studio. Vikiwa viwili, taa zilikuwa mbili. Kikiwa juu kushoto, na mwanga ulitoka juu kushoto. Baada ya hapo angalia kivuli cha pua kimeangukia wapi, kimeshuka hadi karibu na mdomo au kimeenda shavuni. Kisha angalia ukingo wa kile kivuli. Ukiwa mkali kama umekatwa kwa wembe, mwanga ulitoka mahali padogo, kama jua tupu au balbu. Ukiwa unafifia taratibu, ulitoka mahali papana, kama anga la mawingu au dirisha lenye shuka jeupe. Kijana anayeweza kusoma haya anaweza kusimama mbele ya picha iliyopigwa nchi ya mbali kabla babu yake hajazaliwa, akakwambia mpiga picha alisimama wapi. Huo ndio usomi ninaoutafuta, na haupatikani kwa kuangalia tu. Unapatikana ukijaribu kuipiga picha ileile na ikakataa, ukasogeza kiti, ikakataa tena, ukagundua kumbe dirisha lilikuwa juu zaidi ya kichwa.

Tunaanza na wachoraji, na hapo sikai sana. Vermeer wa Uholanzi alimchora msichana mwenye hereni ya lulu yapata mwaka 1665, na kila darasa huanza naye kwa sababu mwanga ni mmoja na nyuma ni giza tupu. Vijana wetu wamefunga kanga kichwani badala ya kile kilemba cha buluu, na nadhani kanga imependeza zaidi. Rembrandt, Mholanzi mwenzake, naye anatufundisha ile pembetatu ndogo ya mwanga inayobaki kwenye shavu lililo upande wa kivuli. Ukiweza kuipata kwa kugeuza kichwa cha mtu taratibu mbele ya dirisha, umeelewa, tuendelee.

Ninayetaka kila mwanafunzi akae naye muda mrefu ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alikuwa seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alimletea kamera ndogo ya Kodak Brownie kutoka Senegal, na mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa yenye filamu ya sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Mara moja! Vijana wangu, mnaofyatua simu mara arobaini na kuchagua baadaye, fikirini mtu anayepaswa kuona kila kitu kabla ya kubonyeza: mkono umelala wapi, kola imekaaje, kichwa kimeinama kiasi gani. Studio yake ilikuwa na suti, saa, redio, kwa mteja aliyetaka kuazima. Watu walikuja wakiwa watu wa kawaida wa mjini, wakatoka kwenye picha ile wakiwa wamesimama katika heshima yao yote.

Kuna sababu nyingine ya kumpenda Keïta, nayo ni ngozi yetu.

Kamera haijui mtu. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kikidhani kila kinachokiona ni cha kijivu cha kati. Msimamishe dada mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utakuwa giza. Mpige kwa karibu akiwa na gauni jeusi, kamera itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, na ngozi itapauka kama imepakwa majivu. Na wakati wa filamu za rangi mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, waliyoiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutoka miaka ya 1990. Kwa hiyo mzazi mwenye albamu ya harusi ambamo bibi harusi hana sura, ana meno na shela tu, asimlaumu mpiga picha peke yake.

Keïta alipiga kwa nyeusi na nyeupe, na jibu lake linaonekana wazi ukimwiga. Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao. Haitaki kumwagiwa mwanga mwingi usoni. Inataka mwanga mpana, wa pembeni, unaoteleza kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega, na kuacha upande wa pili utulie. Taa ndogo kali inaweka vidoa vya jasho. Uani penye kivuli, karibu na ukuta uliopakwa chokaa, panatoa sura nzima. Kwa wenye simu, gusa uso kwenye kioo ili simu ipime pale, usiiachie ipime ukuta.

Hapo kushoto, safu ya pili, kuna picha ya mwanafunzi mmoja ambaye ameniomba nisimtaje. Alichagua kumfuata Keïta katika zile picha ambamo gauni limejaa mapambo na pazia la nyuma nalo limejaa mapambo. Alimkalisha shangazi yake mwenye kitenge mbele ya kitenge kingine kilichotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mwanzoni shangazi alizama. Huwezi kujua yeye anaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Kijana akabadilisha vitenge, haikusaidia. Mwishowe akaacha vitenge akashughulika na mwanga: akamsogeza shangazi mbele, mbali na pazia, akamgeuza kidogo mpaka ukingo wa shavu na mkono vikapata mng'ao, na mama yule akatoka kwenye kitambaa akiwa amekaa kifalme. Hakuna mhadhara wangu ungeweza kumfundisha jambo hilo vizuri hivyo. Ametumia ua wa nyumbani kwao Majengo, kamba ya nguo na shangazi mvumilivu.

Wapo wengine. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Filamu ilipobaki kipande baada ya wateja, alijipiga mwenyewe, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu ni mzima. Mwaka 2008 alifanya kazi ambayo kwangu ndiyo shahada ya juu ya kuiga: alivaa, akakaa na kujipiga akiwa Kwame Nkrumah, akiwa Angela Davis na Malcolm X, wapigania haki za weusi Marekani, na wengine, akifuata picha zao zinazojulikana. Nawapa wanafunzi zoezi hilo kwa sababu linawalazimisha kukaa kwenye kile kiti. Mpiga picha ambaye hajawahi kukaa mbele ya kamera, hajui mikono inavyokuwa mizito pale, hajui shingo inavyochoka, atawatesa watu bila kujua.

Na hapa niseme jambo ambalo halipaswi kuigwa. Wote mnaijua picha ya Churchill amekunja uso. Yousuf Karsh, mpiga picha wa Kanada, aliipiga Ottawa tarehe 30 Desemba 1941, na uso ule ulikuja baada ya Karsh kumchomoa sigara mdomoni ghafla. Picha ni kubwa, na mwanga wake tunausoma darasani. Lakini Churchill alikuwa waziri mkuu wa Uingereza. Angeweza kumfukuza Karsh chumbani kwa neno moja. Mama muuza mchicha hana nguvu hiyo juu ya kijana mwenye kamera. Anayemchokoza maskini ili apate sura kali hajamwiga Karsh, amemwonea mtu. Chukueni taa za Karsh, hizo zinatosha.

Sasa tugeukie ukuta wa kulia.

Mwezi wa Desemba mwaka 1948 Irving Penn, Mmarekani aliyepigia magazeti makubwa ya mitindo New York, alijikuta Cuzco, kwenye milima ya Peru. Alikodi studio ya mpiga picha wa mjini pale, yenye mwanga wa mchana, wakati wa sikukuu, na watu waliokuja kupiga picha za familia wakamkuta yeye. Picha zile za wachuuzi, watoto na wakulima zimeingia kwenye makumbusho. Nawaomba wapiga picha wa mjini mliokaa nyuma mlisikie hilo vizuri. Chumba kilikuwa cha mwenzenu. Mwanga ulikuwa wa mwenzenu, anayehudumia mji wake kama ninyi mnavyouhudumia huu.

Na mji wetu una mwanga, jamani. Juni mpaka Agosti, mlima ukijifunika na wingu likaukalia mji asubuhi nzima, watu wanalalamika baridi, lakini anga lote limekuwa taa moja pana isiyo na bili. Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, karibu saa sita na nusu mchana, na macho ya kila mtu yanakuwa mashimo mawili. Saa hiyo ingieni ndani. Ndani wapi? Dukani kwa Mangi. Duka lenye mlango mmoja, lenye giza la magunia nyuma, mtu amesimama hatua moja ndani akitazama nje: huyo yuko kwenye chumba cha Vermeer. Mwambie arudi hatua moja nyuma uone uso unavyobadilika. Kwa taa ndogo, ukirudi umbali mara mbili mwanga unabaki robo. Kwa mlango mpana haupungui haraka hivyo, lakini unapungua, na katika zile hatua mbili tatu za duka una studio nzima. Tena angalieni ardhi yetu nyekundu inavyorudisha mwanga kidevuni kwa joto lake. Mtu wa mjini pa lami hana zawadi hiyo.

Fundi viatu mnayemwona pale anakaa karibu na stendi. Mwanafunzi alimwendea kwa adabu: "Shikamoo mzee. Naomba nijifunzie kwako." Mzee akajibu, "Marahaba. Unajifunza nini kwangu, viatu?" "Hapana mzee, mwanga. Hapo unapokaa ni pazuri." Mzee akaangalia turubai lake la buluu, akaangalia barabara, akasema, "Basi kaa, lakini usinizibie wateja." Kijana alirudi asubuhi, akarudi jioni, akarudi siku ya mvua. Turubai la buluu lilimpa mzee uso wa buluu, na kijana hakuweza kuliondoa kwa programu yoyote bila kuharibu shati. Siku moja akaomba kukunja ncha moja ya turubai, mwanga mweupe ukaingia kwa upande, na ndiyo hiyo mnayoiona.

Hii ndiyo maana ya kuwatuma kwa watu wa kila siku. Kesho wapo. Mgeni wa siku moja anakupa nafasi moja, ukikosea amepanda basi la Arusha. Fundi viatu, kinyozi, mama lishe, bibi yako jikoni, unaweza kuwarudia mpaka uelewe, kama unavyorudia hesabu. Na kwa kuwa kesho wapo, utawajibika kwao. Picha ikiwa mbaya watakuambia. Usipowapelekea nakala watakudai: "Kijana, picha yangu iko wapi?" Kila mwanafunzi hapa amesafisha picha akampelekea aliyepigwa, na hilo nililiweka kuwa sehemu ya alama, kwa sababu watu wa huku wamepigwa picha miaka mingi na wapita njia wenye lenzi ndefu na hawajawahi kuona hata moja.

Nalisema hili kwa uchungu. Mikoa yetu hii miwili, Kilimanjaro na Arusha, inapigwa picha kila siku ya Mungu, na bado ukitafuta sura za watu wake unaletewa zilezile: mzee wa Kimaasai, shuka jekundu, mlima nyuma. Yule mzee ana jina, ana ng'ombe, pengine ana kesi ya shamba na mtoto chuoni. Sikatazi mtu kumpiga Mmaasai. Kuna Wamaasai humu darasani na wamewapiga mama zao vizuri sana. Nakataza kumpiga mtu kwa sababu tu umeona wengine wakimpiga hivyo. Hiyo nayo ni kuiga, na ni kuiga kusiko na masomo, maana hujafumua mshono wowote.

Kwa wanaoanza na simu, na najua ni wengi, nawaambia msiusogeze uso wa mtu mpaka pua ikavimba. Pua haivimbishwi na simu, inavimbishwa na ukaribu. Rudi nyuma hatua mbili, kisha ikate picha au tumia lenzi ya pili kama ipo. Kamera kubwa itakuja wakati wake. Na mkichapisha picha ya kuiga popote, andikeni chini "kwa kumfuata Keïta" au yeyote mliyemfuata. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini hata isingekuwepo, adabu ipo. Vilevile ombeni ruhusa kabla ya kuisambaza sura ya mtu, na akisema hapana, ni hapana.

Sasa nina ombi kwenu wazazi na kwenu wenye studio.

Ukuta wa kushoto una Waholanzi, una Mmali, una Mkanada. Hauna mtu wa Moshi. Si kwa sababu hakukuwa na wapiga picha. Zanzibar, Capital Art Studio imekuwepo tangu mwaka 1930, na bara nako miji mingi yenye stesheni ya reli ilikuwa na mtu mwenye pazia lililochorwa na kiti kimoja kizuri. Ninyi wenyewe mmekalia vile viti. Kwenye kabati zenu, chini ya vyeti vya ubatizo na hati za kihamba, yaani shamba la ukoo, kuna picha ya baba na suruali pana chini, ya mama na nywele za kuchana juu, mkono mmoja kwenye meza yenye maua ya plastiki. Mpiga picha aliyewapanga vile alijua alichofanya. Alichagua upande wa uso, alichagua urefu wa taa, na machoni mwenu kile kidoa bado kipo kinatuambia.

Nataka zoezi la muhula ujao liwe hilo. Mwanafunzi achukue picha ya studio ya babu au bibi yake, aisome kama alivyomsoma Keïta, kisha ampige binamu au dada yake kwa mwanga uleule na mkao uleule. Atakuwa anajifunza kwa gwiji na kwa mtu wa nyumbani kwa wakati mmoja, na atalazimika kumuuliza bibi maswali: pazia lilikuwa na rangi gani, mliambiwa mtazame wapi, saa ile ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo tafadhalini, wenye studio, msichome maboksi ya negativu mnapopaka rangi au mnapohama chumba. Hata zilizoshikana kwa unyevu tuleteeni, msizibandue wenyewe. Na wazazi, Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi tutakuwa na meza hapa dirishani ya kunakili albamu. Mnakuja na picha, tunainakili mbele ya macho yenu, mnaondoka nayo palepale, haibaki hapa hata usiku mmoja. Kabla ya kuja, andikeni nyuma ya kila picha majina ya walio ndani na mji ilikopigwa. Andikeni pembeni, kwa penseli laini na bila kukandamiza, maana wino wa kalamu hupenya na mkandamizo hutokeza usoni mwa picha.

Asanteni sana. Wanafunzi wamesimama karibu na kazi zao. Waulizeni maswali magumu.